Kupima Jambo Tusilo na Hakika Nalo: Habari ya Homa ya Newala

Maneno haya yamepigwa chapa ili ninyi mlio katika madarasa ya Chiungutwa na vijiji vya jirani mpate kuyasoma polepole baada ya kuyasikia redioni. Anayesoma vizuri amsaidie mwenziwe. Naye mwalimu wa darasa namwomba atandike mikeka miwili mbele yenu, na aweke tayari punje 90 za mahindi na punje 50 za mbaazi. Tutazihitaji baada ya muda mfupi.

Neno letu la leo ni uwezekano. Liandikeni: u-we-ze-ka-no. Si neno geni kwenu. Kila siku mtu husema, "Inawezekana mvua itanyesha," au, "Inawezekana mgeni atafika." Lakini neno hilo peke yake halitoshi. Inawezekana mvua inyeshe Masasi mwezi wa Januari, na inawezekana vile vile inyeshe mwezi wa Agosti. Mambo yote mawili yawezekana, lakini hakuna mkulima atakayepanda mahindi kwa kuitegemea mvua ya Agosti. Anajua kwamba uwezekano una kiasi chake, kama unga ulivyo na kiasi chake, nao waweza kupimwa.

Wazee waliolima miaka mingi wamekuwa wakipima uwezekano hata kama hawakupata kukaa darasani. Mvua ya kwanza ikinyesha, mzee hamwagi mbegu zote shambani siku ile ile. Hupanda sehemu na kubakiza sehemu ghalani, maana amekwisha kuona miaka ambayo mvua ya kwanza ilifuatwa na jua la wiki tatu. Hajui mwaka huu utakuwaje. Lakini kutojua kwa hakika si sawa na kutojua kitu. Baina ya "najua" na "sijui" pana nafasi kubwa, na sehemu kubwa ya kazi ya wataalamu wa sayansi hufanyika katika nafasi hiyo. Leo nataka kuwaonyesha jinsi wanavyoifanya, kwa habari ya ugonjwa ambao jina lake lilitoka hapo jirani.

Homa ya mwaka 1952

Mwaka 1952, wakati nchi yetu ilipokuwa ikiitwa Tanganyika na sehemu hii ikiitwa Jimbo la Kusini, homa ya ajabu ilizuka katika Uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Mtu aliamka mzima, na kabla ya jua kutua alikuwa kitandani. Homa ilipanda ghafula. Viungo vilimwuma sana: vifundo vya miguu, magoti, viwiko, vidole. Wengine walitokwa na vipele. Wengi hawakuweza kusimama wima, wakatembea wamejikunja. Kwa ajili hiyo watu waliuita ugonjwa ule chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kukunjamana. Homa yenyewe ilipoa baada ya siku chache, lakini kuna watu waliobaki na maumivu ya viungo kwa miezi.

Sasa jiwekeni katika nafasi ya daktari wa siku zile. Wagonjwa wanakuja kwa wingi, na kila mmoja ana homa. Lakini katika nchi yetu homa ina sababu nyingi. Malaria huleta homa na maumivu ya mwili. Homa ya matumbo huleta homa. Kichomi huleta homa. Tena kulikuwa na ugonjwa uliojulikana na madaktari kwa jina la dengu, yaani kidingapopo, ambao pia huleta homa ya ghafula, maumivu na vipele. Dalili zote hizi huingiliana. Hakuna hata moja kati yake iliyoandikwa jina la ugonjwa usoni.

Daktari Marion Robinson, aliyewahudumia wagonjwa wakati wa mlipuko ule, aliandika habari za dalili zao. Bwana W. H. R. Lumsden, mtaalamu aliyetoka katika taasisi ya uchunguzi wa virusi huko Entebbe, Uganda, alichunguza jinsi ugonjwa ulivyoenea. Maandishi yao yalitolewa mwaka 1955. Mwaka uliofuata, 1956, mwenzao R. W. Ross alieleza jinsi kirusi chenyewe kilivyopatikana. (Kirusi ni kijidudu kidogo mno, kidogo kuliko kile cha malaria, hata hakionekani kwa darubini ya kawaida.) Hivyo ilichukua miaka kadhaa tangu wagonjwa wa kwanza mpaka maelezo kamili. Katika muda huo wote watu walipaswa kufikiri na kutenda bila hakika. Tutazame kufikiri huko kulivyo.

Punje juu ya mkeka

Haya, sasa tutumie punje zetu. Hesabu nitakayowapa ni ya mfano wa darasani tu, wala si hesabu ya hospitali yoyote.

Mwalimu, weka juu ya mkeka wa kwanza punje 90 za mahindi na punje 10 za mbaazi. Jumla ni punje 100. Kila punje ni mtu mmoja mwenye homa aliyekuja zahanati. Mbaazi ni wagonjwa wa chikungunya. Mahindi ni wagonjwa wa homa nyingine zote. Huu ni mwaka wa kawaida, usio na mlipuko.

Tuseme kwamba kati ya kila wagonjwa 10 wa chikungunya, 9 huumwa viungo hata washindwe kusimama sawasawa. Na tuseme kwamba kati ya kila wagonjwa 10 wa homa nyingine, 2 nao huumwa viungo vivyo hivyo, maana hata malaria humvunja mtu.

Anaingia mama mmoja. Ana homa, na viungo vinamwuma kiasi kwamba amebebwa kwa baiskeli. Je, uwezekano wa kuwa ana chikungunya ni kiasi gani? Kabla ya kuhesabu, kila mtu darasani aseme jawabu lake, na mwalimu aliandike ubaoni.

Wengi, nadhani, mmesema 9 kwa 10. Sasa tuhesabu. Wenye maumivu makali ya viungo tuwahamishe kwenye mkeka wa pili. Kutoka mbaazi 10, hamisheni 9. Kutoka mahindi 90, hamisheni 2 katika kila 10. Kumi ziko mara tisa, basi ni 18. Tazameni mkeka wa pili. Kuna mbaazi 9 na mahindi 18, jumla 27. Yule mama ni mmoja wa hao 27. Uwezekano wa kuwa ana chikungunya ni 9 kwa 27, yaani 1 kwa 3.

Mwaona? Dalili ile ni ya kweli, na karibu kila mgonjwa wa chikungunya anayo. Hata hivyo wengi wa wenye dalili ile hawana chikungunya. Sababu ni kwamba wenye homa nyingine walikuwa wengi tangu mwanzo. Sehemu ndogo ya watu wengi yaweza kuwa kubwa kuliko sehemu kubwa ya watu wachache. Aliyesema 9 kwa 10 amejibu swali jingine: kati ya wenye chikungunya, wangapi huumwa viungo? Sisi tumeuliza: kati ya wanaoumwa viungo, wangapi wana chikungunya? Maswali haya yanafanana kama mapacha, lakini ni watu wawili. Hata wasomi wakubwa huyachanganya, kwa hiyo msione haya.

Rudisheni punje zote. Sasa ni mwaka wa mlipuko, kama ule wa 1952. Wekeni mahindi 50 na mbaazi 50. Dalili ni ile ile, na kadiri zake ni zile zile. Kutoka mbaazi 50 mtahamisha 45. Kutoka mahindi 50 mtahamisha 10. Kwenye mkeka wa pili kuna 55, na 45 kati yao ni mbaazi. Uwezekano umekuwa zaidi kidogo ya 4 kwa 5.

Mama ni yule yule, na maumivu ni yale yale. Kilichobadilika ni hali ya kijiji chote. Ndiyo sababu mganga mwema wa zahanati hamwulizi mgonjwa habari zake tu. Atamwuliza, "Nyumbani kwako nani mwingine anaumwa? Na majirani je? Umetoka safari?" Msidhani anapoteza muda kwa mazungumzo. Anataka kujua ni punje ngapi za mbaazi zilizo juu ya mkeka wa kwanza.

Habari ya Moshi

Huenda mtu mmoja wenu anasema, "Mwalimu, hizi ni punje tu. Katika maisha ya kweli jambo hili lina uzito gani?" Nitawaambia habari iliyotokea kweli.

Mwaka 2007 na 2008, watafiti walichunguza wagonjwa wa homa waliolazwa katika hospitali mbili mjini Moshi, wakubwa kwa watoto. Wagonjwa walikuwa 870. Wagonjwa hao walipopokelewa, 528 kati yao waliandikiwa kwamba wana malaria. Baadaye walipimwa kwa uangalifu mkubwa katika maabara. Waliokuwa wanaumwa malaria kweli walikuwa 14.

Andikeni namba hizo mbili ubaoni, 528 na 14, na mzitazame kwa muda.

Wale wengine hawakuwa wanajisingizia. Walikuwa wagonjwa wa kulazwa. Kuna waliokuwa na vijidudu katika damu vinavyohitaji dawa nyingine kabisa; kuna waliokuwa na magonjwa yatokayo kwa mifugo; na 55 walikuwa na chikungunya, ugonjwa ule ule uliopewa jina Newala, umbali wa siku mbili kwa basi. Ukimpa mgonjwa wa namna hiyo dawa ya malaria na kuridhika, ugonjwa wake wa kweli unaendelea kumla huku ninyi mnangoja nafuu. Kwa mwenye vijidudu katika damu, siku mbili za kungoja zaweza kuwa nyingi mno.

Kosa lilikuwa wapi? Zamani, katika sehemu nyingi za nchi yetu, kusema "homa ni malaria" kulikuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa kweli. Lakini Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa yenye malaria chache sana. Mbaazi na mahindi juu ya mkeka zilikuwa zimebadilika, na mazoea ya watu yalikuwa bado ni yale yale.

Hapo naomba msije mkapotea upande wa pili. Mkoa wetu wa Mtwara si Kilimanjaro. Huku kwetu malaria bado ni nyingi, na ni miongoni mwa mikoa inayosumbuliwa zaidi. Kwa hiyo homa ya mtoto wa Chiungutwa na homa ya mtoto wa Moshi, hata zikifanana kwa kila kitu, hazina uwezekano mmoja. Hesabu ya mahali pengine haichukuliwi ikavaliwa kama shati.

Tena kipimo chenyewe nacho sharti kipimwe. Katika nchi yenye malaria nyingi, mtu mzima aweza kuwa na vijidudu vya malaria katika damu bila ya kuumwa navyo, maana mwili wake umezoea. Akija zahanati kwa homa ya chikungunya, kipimo cha haraka cha malaria kitaonyesha mistari miwili, na kipimo hakikusema uongo. Ndiyo sababu mganga humwambia mgonjwa, "Meza dawa hizi zote, na usipopata nafuu rudi." Neno "rudi" hapo lina maana kubwa. Anakuambia kwamba amekwenda kwa uwezekano mkubwa, na kwamba yuko tayari kubadili mawazo ukileta habari mpya. Watu wengi hawarudi. Huona aibu, au humwona mganga hajui kazi, wakaenda kwingine wakaanza upya bila ya kueleza walichokwisha kumeza. Mimi naliona jambo hili kuwa hasara kubwa kuliko ukosefu wa vyombo.

Hasara nayo huingia katika hesabu

Kupima uwezekano ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuuliza: nikikosea, nitapoteza nini?

Tuseme kuna mlipuko wa chikungunya kijijini. Watoto kumi mtaani wameumwa na wote wamepona. Sasa wa kumi na moja anashikwa homa. Baba yake anasema, "Ni chikungunya hii, itapita." Huenda ni kweli. Huenda uwezekano wa malaria kwa mtoto huyo ni 1 kwa 10 tu. Lakini chikungunya huua mara chache, zaidi kwa watoto wachanga sana na wazee wenye maradhi mengine. Malaria kali yaweza kumwua mtoto mdogo kwa siku moja au mbili. Uwezekano ni mdogo, lakini hasara yake haifidiki, na gharama ya kumwondoa mtoto katika hatari hiyo ni mwendo wa kwenda zahanati na tone la damu kidoleni. Mpelekeni siku hiyo hiyo. Baba yule hakukosea katika kupima uwezekano. Amesahau kupima hasara.

Ni ile ile busara ya mzee na mbegu zake. Mwaka mwingi mvua ya kwanza haimdanganyi. Hata hivyo hubakiza mbegu, kwa sababu mwaka mmoja wa udanganyifu watosha kuleta njaa.

Walijuaje kwamba ni ugonjwa mpya?

Turudi Newala. Wataalamu wale walishuku mwanzoni kwamba labda homa ile ni kidingapopo, maana ilifanana nayo sana. Jambo moja liliwafanya wawe na shaka: yale maumivu ya viungo, makali namna ile na ya kudumu namna ile. Lakini jambo moja halitoshi. Walikusanya mengine.

La kwanza ni maji. Ninyi mnaoujua uwanda wa Newala mnajua taabu ya maji iliyokuwako. Udongo wa juu hunywa mvua yote, na watu walifuata maji mbali, chini ya miteremko, wakayapandisha kichwani. Mtu aliyechota maji kwa taabu hiyo hayamwagi. Huyaweka nyumbani katika mitungi, siku nyingi. Na yuko mbu mmoja, mweusi mwenye madoa meupe, anayependa kuzaliana katika maji ya namna hiyo, ndani ya nyumba za watu na karibu nazo. Wataalamu humwita Aedes aegypti. Huyu si yule mbu wa malaria aumaye usiku. Huyu huuma mchana. Kwa hiyo ugonjwa unaoenezwa naye ulikuwa na njia ya kuenea mahali pale.

La pili ni kirusi chenyewe. Huko Entebbe kirusi kilipatikana kutoka katika damu ya wagonjwa na kutoka kwa mbu. Hata hapo mtu makini aweza kuuliza: je, hakikuwamo tu kwa bahati, kama abiria asiyehusika na ajali ya basi? Kwa hiyo walitazama kama damu ya watu waliougua ilikuwa na kinga dhidi ya kirusi kile.

Hakuna hata moja kati ya mambo haya lililotosha kumaliza neno. Lakini fikirini hivi. Kama kirusi kile hakikuwa ndicho sababu, ingekuwa bahati ya ajabu kwamba kipatikane kwa wagonjwa, kisha kipatikane kwa mbu wa mahali pale pale, kisha na damu ya waliopona iwe na alama yake. Bahati moja hutokea. Bahati tatu pamoja, zote zikielekea upande mmoja, ni nadra. Kila habari iliyoongezwa ilihamisha punje kadhaa, mpaka mkeka wa pili ukabaki karibu na mbaazi tupu.

Na waliwahi kukosea wengine kabla yao? Yamkini sana. Mwaka 1870 kulikuwa na mlipuko wa homa Unguja, na daktari James Christie aliyekuwa huko aliandika habari zake kwa jina walilotumia wenyeji, kidinga. Wazee wa Unguja walimwambia kwamba ugonjwa kama ule ulikuja pia mwaka 1823. Jina hilo likahusishwa na ugonjwa ambao madaktari wa Ulaya na Marekani huita dengu. Lakini Christie aliandika pia kwamba viungo viliendelea kuuma muda mrefu. Mwaka 1971 mtaalamu aitwaye Carey aliyasoma maandishi yale upya, akasema kwamba homa ile ya Unguja ina uwezekano mkubwa kuwa ilikuwa chikungunya, na kwamba jina lilimwendea ugonjwa mwingine. Hakuna damu ya mwaka 1870 ya kupima. Hakika kamili haitapatikana kamwe. Lakini dalili zilizoandikwa bado zaweza kuwekwa kwenye mizani, na mizani imeelemea upande mmoja.

Ugonjwa huu haukukaa kwetu. Umekwisha kufika katika nchi zaidi ya 100. Mwaka 2004 uliwashika watu wa Lamu, Kenya, wakati wa ukame, na watafiti walipopima damu ya baadhi ya watu wa kisiwa kile, karibu robo tatu walikuwa na alama ya kuambukizwa. Sababu iliyotajwa ni ile ya Newala: maji yalikuwa adimu, watu wakayaweka muda mrefu nyumbani, mbu wakapata pa kuzaliana. Basi habari ya Newala ya 1952 iliwasaidia watu wa 2004 kujua waanzie wapi kutazama. Nanyi mlio na mapipa na mitungi, ifunikeni vizuri, na mara moja kila wiki sugueni ndani yake.

Dawa iliyoponya watu wote

Limebaki jambo moja ambalo nimeombwa nilieleze, na ni jambo la kugombanisha watu.

Chikungunya haina dawa ya kuua kirusi chake. Mgonjwa hupewa dawa ya kutuliza homa na maumivu, hunywa maji mengi, hupumzika. Wengi homa huwaisha ndani ya wiki moja. Sasa tuseme mtu mmoja anauza mzizi sokoni. Watu 20 wenye chikungunya wamenunua, wakanywa, na baada ya siku tano 18 hawana homa. Watu hao 18 watasimama mbele yako na kuapa. Hawasemi uongo. Walikuwa wagonjwa, walikunywa, wamepona.

Lakini ni nani aliyehesabu wale ambao hawakunywa? Kama kati ya wengine 20 wasiokunywa chochote 18 nao wamepona kwa siku zile zile, basi mzizi haukufanya kazi. Homa ilikwisha kwa wakati wake. Na kama waliopona bila ya kunywa ni 9 tu, hapo mzizi una neno, nao wastahili kuchunguzwa zaidi kwa heshima. Simdharau mwenye mzizi. Dawa ya mseto tunayoitumia leo kwa malaria ina sehemu iliyotokana na mmea uliotumiwa na Wachina tangu kale. Lakini mmea ule nao ulipita katika hesabu hii kabla ya kukubaliwa: waliotumia na kupona, waliotumia wasipone, wasiotumia wakapona, wasiotumia wasipone. Vyumba vinne. Mwuzaji sokoni hukuonyesha chumba cha kwanza tu, tena kwa sauti kubwa. Hata chupa zenye karatasi nzuri kutoka dukani huuzwa kwa namna hiyo, msidhani ni mizizi peke yake.

Kazi ya darasa

Kabla ya somo lijalo, fanyeni mambo matatu.

Kwanza, rudieni zoezi la punje, mkiweka mahindi 80 na mbaazi 20. Kadiri za dalili ziwe zile zile, 9 kwa 10 na 2 kwa 10. Hesabuni mkeka wa pili una punje ngapi, na mbaazi ni ngapi kati yake. Mkipata 18 kwa 34, mmefanya sawa.

Pili, kila mmoja aandike katika daftari jambo moja alilosikia wiki hii likisemwa "limewaponya wengi" au "limewatajirisha wengi", halafu achore vyumba vinne na kuona ni vyumba vingapi anavyoweza kuvijaza kwa hesabu anayoijua. Visivyojazika aviache vitupu.

Tatu, kama kijijini kwenu yuko mzee aliyekuwa na akili zake mwaka 1952, mwendeeni kwa adabu. Mwulizeni anakumbuka nini juu ya homa ile. Msimwulize, "Viungo viliuma miezi mingi, sivyo?" maana hapo mtakuwa mmekwisha kumpa jawabu. Mwulizeni tu ilikuwaje, na iliisha lini. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na yale yasiyolingana na niliyowaeleza mimi, na mwalimu ayaweke pamoja na daftari za darasa.